Kupima umri wa mchanga na mwamba kwa luminesensi: tunaanzia Tanga, tunaelekea Mirihi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia, mwalimu wa fizikia au mtafiti aliyeko Tanga anayetaka kuijua kwa vitendo mbinu ya luminesensi, yaani kupima umri kwa mwanga hafifu ambao punje hutoa zikimulikwa au kupashwa, kisha aweze kuitumia akilini juu ya mchanga wa Mirihi. Kuchimba, kuchekecha, kukaa gizani na kusoma mashine ni kazi ileile popote. Kinachobadilika ni kasi ya mionzi inayoipiga punje, na umri sahihi hupatikana au hupotea hapo hapo. Ndiyo maana sehemu za dozi humu ni ndefu kuliko sehemu za mashine.

Kinachopimwa

Punje za kwatsi na feldispari, zile nyeupe na za kahawia hafifu unazoziona ukiufinya mchanga wa ufukweni kiganjani, zina kasoro ndogo ndani ya fuwele zake. Urani, thori na potasiamu iliyomo kwenye udongo hutoa mionzi, na mionzi mingine hushuka kutoka angani. Mionzi hiyo hung'oa elektroni, na baadhi yake hunaswa kwenye kasoro hizo. Jua likiipiga punje, elektroni hutoka na hesabu hurudi karibu na sifuri. Punje ikifunikwa, hesabu huanza upya. Maabara tunaimulika punje kwa mwanga tunaoujua, elektroni hutoka, na punje hutoa mwanga wake hafifu ambao tunauhesabu fotoni kwa fotoni.

Ni kama pipa lililotegwa chini ya mchirizi wa bati: ukijua maji yamefika wapi na mvua inaingia kwa kasi gani, unajua pipa lilimwagwa lini mara ya mwisho. Pipa lina ukingo pia. Likishajaa, mvua ya mwaka mzima haiongezi kitu.

Kwa hiyo umri ni dozi iliyolimbikizwa, yaani mionzi ambayo punje imenyonya, kwa kipimo cha gray (Gy), ukigawanya kwa kasi ya dozi, kwa Gy katika kila miaka 1,000. Wazo la kutumia joto kuisoma dozi hiyo lilitolewa na Farrington Daniels na wenzake mwaka 1953. Mwaka 1985 David Huntley na wenzake walionyesha kwamba mashapo yanaweza kupimwa kwa kumulikwa, bila kuchemshwa hadi nyuzi mia kadhaa. Mwaka 2000 Andrew Murray na Ann Wintle wakatoa utaratibu wa kipande kimoja cha sampuli unaotumika hadi leo.

Kuchagua mahali

Tanga ina mchanga wa aina mbili unaofaa kujifunzia, na tofauti zake zinafundisha kuliko darasa. Mchanga wa ufukweni, kwa mfano upande wa Mwambani na Tongoni, umesukwasukwa na mawimbi juani mara nyingi. Punje zake hufutika vizuri kabla ya kufunikwa, na kwatsi iliyozikwa na kufukuliwa mara nyingi kwa kawaida hutoa mwanga mwingi zaidi. Mchanga wa mto Zigi unatoka kwenye miamba mikongwe ya Usambara, umesafiri safari fupi kwenye maji ya matope, mara nyingine usiku na wakati wa mafuriko. Punje nyingi hapo hazikufutika zote, na kwatsi inayotoka moja kwa moja kwenye mwamba huwa na mwanga hafifu. Anza na ufukwe. Mto uache hadi mkono uzoee.

Ukifika, usichague ukuta wa mchanga kwa sababu ni mzuri kupiga picha. Tafuta tabaka lenye unene wa angalau sm 60 lisilobadilika, uweke sampuli yako katikati. Mionzi ya gama husafiri takriban sm 30 ndani ya mchanga, kwa hiyo ukikaa karibu zaidi na tabaka la matumbawe au udongo wa mfinyanzi, hadi nusu ya gama yako inatoka kwenye kitu ambacho hukukipima. Epuka mashimo ya kaa, mizizi ya minazi na njia za mchwa. Kaa na mchwa hupandisha punje za zamani na kushusha mpya, na hakuna hesabu ya maabara inayoweza kuzirudisha mahali pake.

Angalia pia michirizi myeusi kwenye mchanga. Huo mweusi ni madini mazito, ilmenaiti na zirkoni miongoni mwake, na mkoa wa Tanga unayo ya kutosha kiasi kwamba eneo liitwalo Tajiri limechunguzwa kwa ajili ya uchimbaji. Zirkoni hubeba urani na thori. Mchirizi wenye unene wa kidole unaweza kuipandisha kasi ya dozi mahali hapo pekee, huku mchanga ulio nusu mita pembeni ukibaki na kasi ya chini.

Kuhusu ruhusa: anza na ofisi ya kijiji au mtaa, na kwa utafiti rasmi pata kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kwenye magofu ya Tongoni na maeneo mengine ya mambo ya kale usichomeke hata paipu moja bila idhini ya wanaoyasimamia. Sampuli zikienda maabara ya nje ya nchi, shughulikia kibali cha kuzisafirisha kabla hujachimba.

Kuchukua sampuli

Unahitaji paipu ya chuma ya inchi 2, urefu wa sm 25, ncha moja imenolewa kwa tupa. PVC nene ya kijivu inafaa pia, lakini nyeupe hupitisha mwanga, na hata ya kijivu ni vyema ukaizungushia karatasi ya alumini. Chukua nyundo ya kilo 2, kipande cha mbao cha kupigia, mwiko wa fundi, turubai mbili nyeusi, gundi nyeusi ya mkanda, kalamu isiyofutika na kopo dogo lenye kifuniko kinachobana.

Kwangua ukuta hadi upate sura mpya, ukiondoa angalau sm 30 za nje. Ziba ncha butu ya paipu kwa karatasi ya alumini iliyofinyangwa, ili mchanga usipate nafasi ya kucheza. Weka ncha kali ukutani, weka mbao nyuma, gonga hadi paipu ijae kabisa. Paipu isiyojaa ni hasara: njiani mchanga hutikisika, na punje za ncha zilizoona jua huchanganyika na za ndani. Chimbua pembeni kwa mwiko, chomoa, ziba ncha kwa alumini, kisha mkanda mweusi mara mbili. Andika jina, kina kutoka juu ya ardhi, upande wa juu na viwianishi.

Pale pale, kabla jua halijakausha shimo, jaza kopo dogo kwa ajili ya kupima unyevu na ulifunge kwa mkanda. Kisha chukua kilo 1 ya mchanga uliozunguka shimo la paipu kwa ajili ya kasi ya dozi. Hii haihitaji giza.

Mchanga mkavu wa juu ya ufukwe humwagika paipuni. Suluhisho la kwanza ni kuchukua unyevu kwanza, kisha kunyunyizia ukuta maji kidogo ushikane. La pili ni kufanya kazi usiku usio na mbalamwezi, baada ya saa mbili, kwa tochi nyekundu, ukijaza moja kwa moja kopo lisilopitisha mwanga. Turubai ya bluu ya kawaida haitoshi mchana. Jua la Tanga hupenya katikati ya nyuzi zake, na kwatsi hupoteza karibu asilimia 99 ya ishara yake kwa sekunde 10 tu za jua la wazi. Feldispari ni mvumilivu zaidi, huhitaji dakika 9 hivi.

Chumba cha giza

Ziba madirisha, kaa ndani dakika 10 hadi macho yazoee, ziba kila upenyo unaouona. Taa iwe ya LED nyekundu yenye urefu wa wimbi zaidi ya nanomita 600. Balbu ya kawaida iliyopakwa rangi nyekundu usiiamini, kwa sababu rangi huchubuka na bluu kupita. Jaribu taa hivi: chukua kwatsi iliyopewa dozi unayoijua, iache chini ya taa kwa saa 24, nyingine ifunge gizani, kisha zipime zote. Zikitofautiana kwa zaidi ya asilimia chache, punguza taa au isogeze mbali.

Fungua paipu, ondoa sm 3 za kila ncha na uzitie kwenye mfuko wa kasi ya dozi. Chekecha kwa maji ubaki na punje za mikromita 180 hadi 250.

Baada ya hapo ni asidi hidrokloriki ya asilimia 10. Mchanga wa Tanga umejaa vipande vya matumbawe na makombe, kwa hiyo mimina kidogo kidogo. Ukimimina yote kwa pamoja povu hufurika na kubeba sampuli hadi kwenye sinki. Endelea hadi mapovu yaishe kabisa, suuza mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Kisha hidrojeni peroksaidi ya asilimia 10 kuondoa mabaki ya mimea. Mchanga wenye tope la mikoko unaweza kuchukua siku kadhaa. Kausha kwa joto lisilozidi nyuzi 50.

Madini hutenganishwa kwa kimiminika kizito, kwa kawaida sodiamu politangsteti. Kwenye uzito wa gramu 2.70 kwa sentimita moja ya ujazo, ilmenaiti, zirkoni na ganeti huzama, kwatsi na feldispari huelea. Punguza hadi 2.62: kwatsi huzama. Kilichoelea kwenye 2.58 ni feldispari yenye potasiamu nyingi. Kimiminika hiki ni ghali, basi kichuje na kukivukiza ukitumie tena, na usikisuuze kwa maji ya bomba, kwani chumvi za maji hayo hukiharibu.

Kwatsi humaliziwa na asidi hidrofloriki ya asilimia 40 kwa dakika 40 hadi 60. Hiyo huila feldispari iliyobaki na kuondoa ganda la nje la takriban mikromita 10 lililopigwa na chembe za alfa. Mpangilio wa asidi una sababu: chokaa ikibaki, hidrofloriki huigeuza kuwa kalsiamu floridi, kitu kinachong'aa sana kwa luminesensi na kuiharibu ishara ya kwatsi. Baada yake rudia hidrokloriki, kisha chekecha tena.

Asidi hidrofloriki haina nafasi kwenye maabara ya shule. Hupenya ngozi bila maumivu ya papo hapo, hunyonya kalsiamu mwilini na inaweza kuua. Hutumika kwenye kabati lenye kifyonza hewa tu, kwa vyombo vya plastiki maana huila glasi, glavu nene, na jeli ya kalsiamu glukoneti ikiwa mkononi kabla chupa haijafunguliwa. Asiye na hivi vyote aishie kwenye hidrokloriki, afunge sampuli gizani, aipeleke kwenye maabara iliyo navyo.

Kusoma dozi

Mashine ina taa, kikanzio cha joto, kihesabu fotoni na chanzo cha beta, kwa kawaida strontiamu-90. Chanzo hicho hapa nchini kinahitaji leseni ya Tume ya Nguvu za Atomiki. Kwatsi humulikwa kwa bluu ya nanomita 470, na mwanga wake husomwa kwenye urujuanimno, karibu nanomita 340. Feldispari humulikwa kwa infraredi ya nanomita 850 hivi na kusomwa kwenye bluu, karibu 410.

Tandaza punje kwenye visahani vya chuma cha pua vilivyopuliziwa mafuta ya silikoni, duara la mm 2 katikati. Andaa visahani 24 au zaidi. Kila kisahani kinapita mzunguko huu: pasha nyuzi 240 kwa sekunde 10, mulika kwa sekunde 40 kikiwa kwenye nyuzi 125, toa dozi ndogo ya majaribio isiyobadilika, pasha nyuzi 220, mulika tena. Uwiano wa mwanga wa kwanza kwa wa pili ndio unaotumika, kwa sababu punje hubadilika unyeti kila inapopashwa. Rudia kwa dozi unazozitoa mwenyewe zinazopanda, weka dozi ya sifuri, kisha rudia ile ya kwanza. Chora mstari, soma dozi ya asili inaangukia wapi. Nyuzi 240 ni mahali pa kuanzia tu. Jaribu kati ya 180 na 260 uchague eneo ambalo jibu halibadiliki.

Kataa kisahani ambacho dozi iliyorudiwa haikurudi ndani ya 0.9 hadi 1.1, au ambacho dozi ya sifuri inatoa zaidi ya asilimia 5 ya ishara ya asili. Mulika infraredi mara moja uone kama feldispari imejificha. Kabla ya yote hayo, futa visahani vichache kwa mwanga, vipe dozi unayoijua, uone kama utaratibu wako unairudisha ndani ya asilimia 10. Usiporudisha dozi uliyoitoa mwenyewe, huna haki ya kuisoma iliyotolewa na ardhi.

Majibu ya visahani yakitawanyika kwa zaidi ya asilimia 20 hivi baada ya kuondoa makosa ya kipimo, usikimbilie wastani. Kwenye mchanga wa Zigi maana yake mara nyingi ni punje ambazo hazikufutika, na modeli ya umri wa chini kabisa ndiyo inayofaa. Kwenye ufukwe wenye kaa, huenda ni mchanganyiko, na modeli ile itakudanganya.

Kasi ya dozi, kwa hesabu

Tuchukue mchanga wa ufukweni, kina cha mita 1, wenye potasiamu asilimia 0.5, urani sehemu 1 kwa milioni na thori sehemu 3 kwa milioni. Namba hizi ni za mfano. Kila asilimia 1 ya potasiamu hutoa beta 0.798 na gama 0.249 Gy kwa miaka 1,000. Kila sehemu ya urani hutoa beta 0.146 na gama 0.112, kila sehemu ya thori beta 0.0277 na gama 0.048.

Beta inakuwa 0.399 + 0.146 + 0.083, yaani 0.63. Punje yenyewe huizuia sehemu ya beta, basi zidisha kwa 0.9 upate 0.565. Gama ni 0.125 + 0.112 + 0.144, yaani 0.38. Maji hunyonya mionzi. Kwa unyevu wa asilimia 5 ya uzito mkavu, gawanya beta kwa 1 + 1.25 × 0.05 na gama kwa 1 + 1.14 × 0.05, upate 0.53 na 0.36. Ongeza mionzi ya anga ya 0.19. Jumla ni 1.08. Mashine ikisema Gy 5.4, umri ni miaka 5,000.

Angalia uwiano: anga limetoa chini ya moja ya tano. Kubwa linatoka ardhini. Kosa la unyevu la asilimia 5 hubadilisha umri kwa karibu asilimia 5, basi usipime unyevu wa kaskazi ukaamini kwamba ndio wa miaka yote. Pima pia maji ambayo mchanga huo unaweza kubeba ukilowa kabisa wakati wa masika, uweke makadirio yako katikati pamoja na kosa lake.

Sasa Mirihi

Hakuna chombo cha kupima umri kwa luminesensi kilichowahi kutua Mirihi. Kwa mapengo mengine kuna mbinu: kuhesabu mashimo ya vimondo kwa nyuso za zamani sana, na mwaka 2013 Curiosity, gari la utafiti la NASA lililoko Mirihi, ilipima mwamba wa Cumberland kwa potasiamu na argoni ikapata takriban miaka bilioni 4.2. Matuta ya mchanga, vumbi na mashapo ya karibuni, yale yanayoeleza hali ya hewa ya Mirihi ya maelfu ya miaka iliyopita, hayana saa. Luminesensi ndiyo inayoweza kuwa saa hiyo.

Rudia hesabu yetu huko. Kwa vipimo vya Mars Odyssey, chombo kinachoizunguka Mirihi, ganda la Mirihi lina potasiamu ya wastani wa asilimia 0.33 na thori sehemu 0.6 kwa milioni. Kadiria urani 0.16. Beta ni 0.30, gama 0.13, jumla Gy 0.43 kwa miaka 1,000. Ardhi ni maskini kuliko ufukwe wa Tanga.

Anga sasa. Kifaa cha kupima mionzi cha RAD kwenye Curiosity kilipima milligray 76 kwa mwaka juu ya ardhi ya shimo la Gale, yaani Gy 76 kwa miaka 1,000. Hakuna uga wa sumaku wa sayari nzima, na hewa ni nyembamba. Kwa hiyo zaidi ya asilimia 99 ya dozi ya juu inatoka angani. Ule uwiano wa Tanga umepinduka.

Matokeo yake ni kwamba kina kinakuwa kila kitu. Kwa hesabu za timu ya RAD, kasi hiyo hupanda hadi karibu 96 kwenye sm 10, kwa sababu chembe za angani huvunja atomu za udongo na kuzaa chembe nyingine. Kwenye mita 1 hushuka hadi 36.4, na kwenye mita 3 hadi 1.8. Chukua sampuli yenye dozi ya Gy 400. Kama imekaa juu, ina miaka 5,200. Kama imekaa mita 1, ina 10,900. Kama imekaa mita 3, ina karibu 179,000. Dozi ni ileile, punje ni ileile. Mtu anayeleta sampuli ya Mirihi bila historia ya kina chake hajaleta kitu cha kupimiwa umri.

Na tuta halikai kimya. Upepo huongeza mchanga juu, huuondoa, huongeza tena. Hivyo usitumie kina cha siku ya kuchimba peke yake. Chukua angalau sampuli 5 kwenye nguzo moja, kutoka sm 20 hadi mita 3 kama kichimbio kinafika, kisha tafuta historia moja ya kujazwa inayokubaliana na dozi zote. Dozi zikifuata mfululizo mmoja, unaweza kutofautisha tuta lililokua polepole na lililomwagwa kwa dhoruba. Sampuli moja haiwezi.

Ongeza mambo mawili kwenye kasi hiyo. Gale iko chini sana, takriban km 4.5 chini ya usawa wa wastani, hivyo ina hewa nyingi juu yake. Sehemu za miinuko hupata dozi zaidi. Pili, mionzi ya anga ina ioni nzito, na fuwele haitoi mwanga kwa gray moja ya ioni nzito sawa na gray moja ya beta. Ukilinganisha na chanzo cha beta bila kusahihisha, utaisoma dozi chini ya ilivyo. Sampuli za majaribio ni lazima zipelekwe kwenye kiharakisha ioni kabla ya kusema umri wowote.

Ukingo wa pipa nao unakaribia haraka. Kwatsi hujaa karibu Gy 200, ambazo juu ya Mirihi ni miaka 2,600. Feldispari ya Gy 1,000 hukupa miaka 13,000 juu, na zaidi ya 400,000 kwenye mita 3.

Madini yasiyo ya Tanga

Mirihi ni basalti, mwamba mweusi wa volkano: plajioklasi, piroksini, olivini na glasi ya volkano. Kwatsi ni adimu. Mwaka 2014 Curiosity ilichimba mwamba wa Windjana ikakuta sanidini nyingi, aina ya feldispari ya potasiamu, jambo la faraja lakini si la kila mahali. Kwa hiyo mafunzo ya ufukweni yanakupa mikono, ila mchanga wa mazoezi wa pili uwe wa volkano. Mchanga Unaohama karibu na Olduvai, tuta jeusi lenye umbo la mwezi mchanga linalosogezwa na upepo, una umbo na mwendo wa matuta ya Mirihi hata kama majivu yake si basalti. Kibali cha Ngorongoro ni sharti. Maabara nyingi zimetumia udongo wa Hawaii uitwao JSC Mars-1 kama mfano wa udongo wa Mirihi.

Feldispari za volkano zina tatizo lao: huvuja. Elektroni hutoroka bila mwanga wala joto, na umri huonekana mdogo. Pima uvujaji huo: futa kisahani, toa dozi, kipashe mara moja, kisha kisome baada ya nusu saa, saa 5, siku 2 na wiki 3. Eleza upotevu kwa asilimia kwa kila muda unapozidi mara kumi. Ukikuta asilimia kadhaa, tumia mwanga wa infraredi mara mbili, kwanza kwenye nyuzi 50, kisha 290, na usome ya pili. Ishara hiyo huvuja kidogo, ingawa jua huchelewa kuifuta na hubakiza Gy chache. Kwenye mchanga wa Tanga wenye Gy 5.4 mabaki hayo yanaharibu kila kitu. Kwenye mchanga wa Mirihi wenye Gy 400 hayazidi asilimia moja au mbili. Hili ni eneo moja ambapo Mirihi ni rahisi kuliko Tanga.

Kuhusu kufutwa na jua, mwanga unaofika Mirihi ni asilimia 43 hivi ya ule unaofika duniani, lakini urujuanimno wa juu ya nanomita 200 hupita, na huo hufuta vizuri. Vumbi ndilo la kuogopa. Dhoruba ya mwaka 2018 iliifunika sayari nzima na kulimaliza gari la utafiti la Opportunity. Mchanga uliozikwa siku kama hizo unaweza kubaki na sehemu ya dozi ya zamani. Barafu pia iweke kwenye hesabu: chombo cha Phoenix kilichotua mwaka 2008 kiliikuta sm chache chini ya ardhi, na barafu huzuia mionzi kama maji yanavyofanya.

Mwamba badala ya mchanga

Jiwe lililogeuzwa likafunikia uso wake linapimika. Chimba kiini cha mm 10 kuelekea ndani, gizani, kwa maji ya kupoza. Kikate vipande vya mm 1 kwa msumeno wa almasi wenye unene wa mm 0.3, saga kila kipande taratibu, upime mmoja mmoja. Vya nje vilivyofutwa na jua vitakuwa na ishara ndogo, vya ndani vitakuwa vimejaa. Mpaka kati yake unaeleza uso ulikaa juani kwa muda gani, na eneo lililofutwa likiwa limeanza kujaa tena, linaeleza lilifunikwa lini. Basalti ni nyeusi, kwa hiyo mpaka huo uko karibu na uso na vipande vinene vitauruka.

Viini vilivyochimbwa na gari la Perseverance kwenye shimo la Jezero huko Mirihi vina kipenyo cha mm 13 na urefu wa mm 60 hivi, ndani ya mirija ya titani isiyopitisha mwanga. Vikifika duniani, mrija wa luminesensi ufunguliwe chini ya taa nyekundu kabla ya uchunguzi mwingine wowote, na kila picha ya eksirei iliyopigwa iandikwe pamoja na dozi yake. Safari yenyewe si tatizo: Curiosity ilipima takriban milligray 0.48 kwa siku njiani, hivyo siku 253 za safari yake ni Gy 0.12.

Kuandika jibu

Kila umri uandikwe pamoja na dozi na kosa lake, idadi ya visahani vilivyokubaliwa na vilivyokataliwa, modeli iliyotumika, potasiamu, urani, thori, unyevu, kina, na kwa Mirihi historia ya kina uliyoichukulia pamoja na umri ambao ungepatikana kwa historia nyingine mbili zinazowezekana. Ishara ikiwa imejaa, usiandike umri. Andika dozi ya ukingo na umri wa chini unaotokana nayo, ukiwa na alama ya "zaidi ya" mbele yake.